Uso wa Ukuta

Tabasamu alipoliona lile geti la kijani, miguu yake iligoma kwenda mbele. Si kwamba geti lenyewe lilikuwa na ajabu yoyote. Lilikuwa geti la bati kama mageti mengine ya mtaa ule, limechubuka chini pale ambapo mvua hulirushia tope. Ila bawaba zake za juu zilikuwa za dukani na ya chini ilikuwa imetengenezwa kwa mkono, na mwenye mkono huo Tabasamu alimjua hadi harufu ya shati lake.

"Mwalimu, vipi?" Kinyozi aliuliza nyuma yake. "Umesahau kitu kwenye gari?"

"Sijasahau kitu," alijibu.

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Laiti angekuwa na kipaji cha kusahau, asingesimama pale ameganda mbele ya wanafunzi wake.

Kwa wasiomjua, huyu Tabasamu alikuwa mama mfupi, mnene kiasi, mwenye mvi chache alizokataa kuzipaka rangi. Kazi yake ilikuwa kununua nyumba zilizochoka, kuzirudishia uhai, kisha kuzipangisha au kuziuza. Alianza na nyumba moja ya kuungaunga, na sasa kulikuwa na mitaa ambayo akipita, kila baada ya mlango mmoja alisalimiwa na mpangaji wake. Watu waliotaka kuanza kazi hiyo walimfuata awafundishe, naye kila Jumamosi alichukua wawili, akawaingiza kwenye nyumba inayouzwa, akawafundisha humo humo. Msimu huu alikuwa na Kinyozi, kijana ambaye mdomo wake ulikuwa haupumziki hata akiwa amemshikia mtu wembe shingoni, na Muuguzi, dada mmoja wa maneno machache ambaye macho yake hayakupitwa na kitu.

Leo walikuwa na mtu wa nne. Shangazi yake Tabasamu, aliyemlea na kumfundisha kazi, alikuwa ameacha kutoka tangu magoti yaanze kumsumbua. Lakini wiki ile alipigiwa simu na dalali mmoja wa siku nyingi, na alipokata simu akatangaza kwamba Jumamosi nyumba ataichagua yeye, na atakwenda yeye mwenyewe kuiona. Tabasamu alikuwa hajaambiwa ni nyumba gani. Aliambiwa tu, "Kata kulia. Haya, kushoto. Endesha, mwanangu, maswali utaniuliza tukifika."

Sasa walikuwa wamefika, na swali lilibaki moja tu.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini akimsaidia kushuka garini, "hii si ni..."

"Ni nyumba. Ina paa, ina kuta, inauzwa. Nitolee kiti changu."

Kinyozi alitoa kiti cha plastiki kwenye buti, akakiweka uani pembeni ya ukuta wa jikoni, kwenye kivuli. Bibi kizee akakikalia, akatandaza kanga yake magotini, akatulia kama mtu aliyekuja kungoja zamu yake kwa daktari. Funguo walikuwa wameachiwa na dalali. Mwenye nyumba angefika baadaye kidogo.

Tabasamu akapiga moyo konde, akaingia.

Sebule ilikuwa tupu, isipokuwa meza ndogo na viti viwili. Mwanga uliingia kupitia madirisha makubwa ya upande wa baraza, ukalala sakafuni mahali pale pale ulipokuwa ukilala enzi zile. Alijikuta anatazama katikati ya chumba, pale palipokuwa na ndoo mbili za rangi. Hapakuwa na ndoo. Angekuwa mwendawazimu kutegemea kuziona.

"Swali la kwanza tunauliza nini?" aliwageukia wanafunzi, na sauti yake ikatoka kavu, ya kazini.

"Bei!" alisema Kinyozi.

"Bei ni la mwisho. Muuguzi?"

"Tunauliza anauza kwa nini."

"Na dalali amesema anauza kwa nini?"

"Anahama mji," Muuguzi alijibu. "Eti anasema hana mtu hapa."

Tabasamu alitikisa kichwa, akayapitisha maneno hayo sikio hili yakatokea la pili. Nyumba ile ilikuwa imeuzwa na Shangazi zamani, na kwa alivyosikia ilishabadilisha wenyewe mara kadhaa. Mtu fulani hana mtu. Pole yake.

Akawapa kazi. Wakavua viatu watembee peku wasikie sakafu. Kinyozi akapiga magoti, akagonga vigae vya korido kwa sarafu, kimoja kimoja, na vilivyotoa mlio mtupu akaviwekea alama ya chaki. Muuguzi akaweka kiganja kwenye kuta za bafu, chini karibu na sakafu, kama anavyompima mgonjwa homa.

"Hapa pana unyevu, Mwalimu. Unapanda."

"Vizuri. Fungua mabomba yote. Tazama maji yanavyoondoka, usitazame yanavyotoka."

Alisema hivyo akiwa amewapa mgongo. Alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha mwanzo, na mwenyewe hakuwa mle tena. Alikuwa amerudi nyuma miaka ishirini na ushee.

Siku hizo Shangazi alikuwa na nguvu zake. Alikuwa akinunua nyumba ambazo wengine walizipita wameziba pua, na alikuwa na wanafunzi wawili tu. Mmoja alikuwa huyu mtoto wa kaka yake, binti ambaye uso wake haukujua kuficha kitu: akipenda, meno yote nje, akinuna, mdomo unagusa kifua. Ndiyo maana akaitwa Tabasamu. Wa pili alikuwa kijana fundi aliyeitwa siku moja kutengeneza mlango, akauliza maswali mengi mno kuhusu bei ya kiwanja, na Shangazi akamwambia, "Wewe, kesho njoo bila nyundo." Walimwita Rula, kwa kuwa alikuwa mrefu, amenyooka, na futi yake ya kupimia haikutoka mfukoni hata akienda kula.

Siku moja waliingia nyumba fulani, na Tabasamu akaona baraza lake, akapiga makofi mbele ya mwenye nyumba. "Jamani, zuri hilo!" Mwenye nyumba akapandisha bei hapo hapo. Rula naye, badala ya kununa, akamtazama yule binti anavyofurahi, akacheka hadi akajifuta machozi.

"Nyuso zenu hizi zitanifilisi!" Shangazi aliwaka walipotoka.

Ndipo akaanzisha lile zoezi lake. Ndani ya nyumba hii hii, kwenye sebule hii, wakati kuta hazijapakwa rangi hata mara moja, aligeuza ndoo mbili za rangi na kuwakalisha wanatazamana, magoti karibu yagusane. Mmoja aseme maneno yoyote matamu anayoyajua. Mwingine ayapokee kwa uso wa ukuta. Mikono mapajani, pumzi za taratibu, na macho yatue katikati ya nyusi za mwenzake. Machoni, hapana. Mtu akikuona machoni, alisema Shangazi, amekwisha kukusoma. Atakayecheka anafagia nyumba nzima.

"Leo umependeza," Rula alianza.

Kimya. Tabasamu alitazama nyusi zake.

"Hata hilo vumbi la saruji kichwani limekukaa kama umelinunua."

Tabasamu aliuma shavu kwa ndani.

"Nikiwa na nyumba yangu, dirisha la jikoni nitaliweka chini. Kuna mtu mmoja mfupi sitaki apande kwenye ndoo kila akitaka kuona nani anaingia getini."

Hapo alishindwa. Alicheka hadi ndoo ikapinduka, akafagia nyumba nzima kwa furaha ambayo Shangazi hakuielewa. Zamu ya Rula ilipofika, alimwambia kwamba mikono yake ni mizuri kuliko milango anayoitengeneza, na Rula akaiangalia mikono yake mwenyewe kama hajawahi kukutana nayo, na yeye pia akafagia. Zoezi lile walilifanya siku nyingi kuliko lilivyohitajika. Waliambiana kila kitu juu ya ndoo zile, na kila kitu walikipokea kwa uso wa ukuta, mpaka wakawa mabingwa.

Ulipofika wakati wa kuweka madirisha ya jikoni, Shangazi alisimama mlangoni, akakunja uso.

"Rula. Hili dirisha mbona liko chini kuliko mengine?"

"Nilikosea kipimo, Shangazi."

Rula, akosee kipimo! Shangazi alimtazama fundi, akamtazama mtoto wa kaka yake aliyekuwa anaukodolea macho ufagio, na mambo yote yakamwia wazi. Tangu siku hiyo Rula akimwamkia, Shangazi hakuitikia.

"Ana nini yule?" alimuuliza binti jioni ile wakiwa wawili.

"Ana mikono, Shangazi."

"Mikono kila mtu anayo. Nakuuliza ana nini. Ana kiwanja? Ana hata chumba cha kupanga kisichovuja?"

"Nampenda."

"Hilo nimeliona. Shida ni kwamba na yeye ameliona. Umeshamwonyesha unavyomtaka, sasa atakuuzia kwa bei yake. Sikiliza, mwanangu. Akija kukuambia jambo, nyamaza. Kama anakutaka kweli, atashuka mwenyewe."

Na Rula alikuja. Ilikuwa asubuhi, barazani, rangi ya nguzo haijakauka, wakalazimika kukaa katikati ya ngazi wasijipake.

"Nimepata kazi ya ujenzi mbali," alisema. "Mwaka mzima, labda zaidi. Naondoka keshokutwa."

Akanyamaza.

Tabasamu alikijua kimya kile. Ndicho walichofundishwa: ukishasema neno lako kubwa, funga mdomo, na atakayesema kwanza ndiye atakayeshuka. Akaweka mikono mapajani. Akavuta pumzi taratibu. Akatua macho katikati ya nyusi za mwanaume aliyempenda kuliko vyote, na Rula naye akatua macho katikati ya nyusi zake, na hakuna aliyemwona mwenzake.

"Safari njema," alisema mwishowe.

"Ahsante."

Akatoka kwa lile geti la kijani, na bawaba aliyoitengeneza mwenyewe haikutoa hata sauti.

Wapenzi wengine wangelia. Wangegombana, wangerushiana maneno, wangeitana majina, na katikati ya kelele hizo mmoja angeropoka ukweli. Hawa wawili walikuwa wamehitimu. Tabasamu aliolewa baadaye na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, chaguo la Shangazi, mtu mpole ambaye hakuwahi kumpa neno baya. Alimheshimu, akamuuguza, na alipofariki alimlilia kwa machozi ya kweli. Lakini dirisha la jikoni la nyumba waliyoishi lilikuwa juu, na kila akitaka kuona nani anabisha hodi, alipanda kwenye kigoda.

"Mwalimu!" Kinyozi aliita kutoka jikoni. "Njoo uone kituko!"

Akaenda. Alijua kituko chenyewe ni kipi.

"Angalia dirisha hili," Kinyozi alisema, akiinama kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. "Mimi hapa naona magoti ya watu tu. Fundi gani huyu alilewa? Hii ni pointi, Mwalimu. Kuliinua ni kuvunja ukuta. Hapa bei lazima iteremke."

"Mimi silioni kama kosa," Muuguzi alisema taratibu. "Kingo zake zimenyooka kabisa. Mtu aliyekosea hapendezeshi hivi kosa lake."

Tabasamu alisogea kwenye sinki, akasimama wima. Dirisha lilianzia kifuani kwake. Mbele yake kulikuwa na ua wote, kichwa cha Shangazi na kanga yake, na njia inayonyooka hadi getini. Hakuhitaji kujinyoosha wala kupanda kitu.

Na alipokuwa amesimama vile, geti likafunguliwa, akaingia mtu.

Alikuwa mrefu bado. Mabega yalikuwa yameshuka kidogo, nywele zimekuwa za kijivu pembeni, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Mfukoni mwa suruali palikuwa na uvimbe wa mraba ambao mtu mwingine angedhani ni simu. Tabasamu alishika ukingo wa sinki.

Yule mtu alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha plastiki, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Shangazi."

Tabasamu alimwona bibi kizee anavyorekebisha kanga ambayo haikuwa imekaa vibaya.

"Marahaba, baba," alisema hatimaye. "Marahaba. Ingia. Wanafunzi wanakungoja."

Walikutana sebuleni. Utaratibu wa Jumamosi ulikuwa kwamba wanafunzi ndio wanaojadiliana na muuzaji, mwalimu anasimama nyuma yao na haruhusiwi kufungua mdomo mpaka watoke nje. Tabasamu aliushukuru utaratibu huo kwa mara ya kwanza maishani. Alisimama nyuma, mikono imetulia, uso umekuwa ukuta. Rula aliingia, akawasalimia wawili wale, kisha akamwona yeye.

"Mwalimu," alisema, na kuinamisha kichwa kidogo.

"Karibu," alijibu, utadhani wamekutana foleni ya benki.

Kinyozi akaanza mashambulizi. Vigae vya korido vimeachia, akamwonyesha alama za chaki. Bafu lina unyevu. Dari la chumba cha nyuma limewahi kulowa. Rula alikubali kila kitu kwa upole, akaongeza na kasoro mbili ambazo hawakuziona.

"Halafu kuna dirisha la jikoni," Kinyozi alisema, akiwa ameiweka tamu yake mwishoni. "Limekosewa. Liko chini mno."

"Hilo halikukosewa."

"Mzee wangu, nimeinama mpaka kiuno kimelia."

"Lilipimwa," alisema Rula.

"Kwa kipimo kipi hicho?"

"Kwa mtu."

Muuguzi aligeuka nyuma, akamtazama mwalimu wake kuanzia kisigino hadi kichwani, kama anayempima urefu kwa macho tu. Kisha akamgeukia muuzaji, na swali lake likawa la upole kuliko yote yaliyokwisha kuulizwa mle.

"Samahani, kaka. Unauza kwa nini?"

Rula alivua miwani shingoni, akaishika mkononi. Alimjibu Muuguzi, ila macho yalipita juu ya bega lake.

"Nyumba hii niliijenga upya nikiwa kijana. Nilifurahi humu kuliko mahali pengine popote. Mwaka jana niliporudi mjini nikasikia inauzwa, nikainunua bila hata kubishana bei. Kosa kubwa hilo, mwalimu wenu atawaambia. Nilidhani nikikaa humu nitapata kile nilichokiacha." Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Nimekuta kuta. Dada yangu mdogo ana nafasi kwake, mbali na hapa, watoto wake kila siku wananipigia simu. Tukielewana leo, wiki ijayo nafunga mizigo. Na safari hii sirudi."

Akataja bei.

Akanyamaza.

Kinyozi, Mungu ambariki, alikumbuka mafunzo. Alibana midomo mpaka mashavu yakavimba. Muuguzi alitazama sakafu. Bomba moja la bafuni halikufungwa vizuri, na tone lake lilisikika wazi chumba kizima. Kimya kile kilikuwa kile kile cha barazani, ila sasa hakukuwa na rangi mbichi ya kusingizia.

Tabasamu alitua macho katikati ya nyusi za Rula. Palikuwa na mikunjo miwili ambayo hakuiacha pale. Alijua la kufanya, alikuwa amelifundisha kwa watu wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka. Akikaa hivi dakika chache zaidi, nyumba ataipata kwa bei nzuri. Na mwanaume huyu atakwenda zake kwa geti lile lile, kwa heshima zote, na yeye atamwambia safari njema.

Akashusha macho. Akamtazama machoni.

Jamani! Vilikuwa vyote mle. Ndoo, vumbi la saruji, ufagio, na miaka yote iliyofuata.

"Usiende," alisema.

"Mwalimu!" Kinyozi alinong'ona kwa hofu. "Umeongea kwanza!"

"Najua." Sauti ilimtetemeka na hakuificha. "Usiuze, Rula. Usiende. Nilitaka kusema hivyo siku ile pale ngazini, likawa limenifika hapa kooni, nikalimeza. Nilijua kununa, nilijua kulia, nikajifanya sijui. Nakupenda. Nilikupenda ukiniambia maneno ya mchezo, nikakupenda ukitoka kwa lile geti. Hata leo nilipoingia nilizitafuta ndoo. Mtu mzima na akili zangu, nazitafuta ndoo za rangi!"

Uso wa Rula haukusogea.

Tabasamu hakuondoa macho. Pengine amechelewa. Pengine yale aliyoyaona machoni mwake aliyaona kwa kuyatamani tu mwenyewe. Lakini neno lilikwisha toka, na ajabu ni kwamba hakutaka kulirudisha.

"Nilikuona," Rula alisema polepole. "Mara tu niliporudi. Ulikuwa mtaa wa pili na wanafunzi wako. Niliposikia mumeo amefariki nilitaka nije nikupe pole, nikaja hadi ng'ambo ya barabara. Uligeuka, ukatazama upande wangu. Uso mkavu kabisa. Nikasema, huyu hanikumbuki hata kidogo."

"Sikukuona! Nilikuwa na muuzaji mbele yangu."

"Ndilo nililolisahau. Mimi, kati ya watu wote!" Mdomo wake ulianza kucheza pembeni. "Tabasamu, nikuambie kitu? Siku ile ya ngazini nilikuwa sijaikubali ile kazi. Walinipa muda wa kufikiri. Nilikuambia naondoka ili useme usiende. Nilikuwa natanguliza bei ya juu, wewe ushushe. Ukasema safari njema, nikaona aibu kubaki."

"Ukaenda kwa aibu?"

"Nikaenda kwa aibu."

"Rula, mpumbavu wewe."

"Mkubwa kabisa," alisema, na uso wa ukuta ukaporomoka wote. Alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, kama siku ile Tabasamu alipolipigia makofi baraza la nyumba ya watu, akajifuta kwa mkono ambao Tabasamu aliwahi kuusifia juu ya ndoo. Akausogeza mbele. Tabasamu akaushika, na haukuwa umebadilika ila kwa makovu mawili matatu ya kazi, ambayo atayauliza moja moja baadaye.

Kinyozi alikohoa.

"Sasa," alisema, "bei tunaijadili, au..."

"Twende tukaangalie paa," Muuguzi alisema, akamshika shati.

"Paa si tumeshaliangalia?"

"Hatujaliangalia vizuri."

Akamkokota hadi nje, huku mwenyewe anajipangusa macho kwa kiwiko.

Rula alienda kulifunga bomba lile la bafuni, maana fundi ni fundi. Tabasamu akaingia jikoni, akasimama mbele ya dirisha lake. Chini yake, kwenye kiti cha plastiki, Shangazi alikuwa amekaa vile vile, anatazama getini.

"Ulijua ni yeye," Tabasamu alisema.

"Tangu lini mimi nimeenda kuona nyumba bila kuuliza nani anauza, na anauza kwa nini?" Shangazi hakugeuka. "Dalali aliponiambia jina nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Halafu akaniambia sababu. Hana mtu. Hana mtu, na mimi ndiye niliyekataa kuitikia salamu yake."

"Ungeniambia tu, Shangazi."

"Ningekuambia, ungekuja na uso wako ule. Nilitaka uje bila kujiandaa." Akahangaika na pindo la kanga. "Kwenye nyumba sijawahi kukukosesha, mwanangu. Kwenye hili nilikukosesha. Nilidhani nakulinda."

Tabasamu alinyoosha mkono kupitia nondo za dirisha, akamgusa bega. Bega lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka, na lilikuwa linatikisika. Nyuma yake alisikia hatua za Rula zinaingia jikoni, na futi ikivutwa kutoka mfukoni, na ukingo wa chini wa dirisha ukipimwa kwa utulivu, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna kilichosogea.

Ndipo Shangazi alipogeuka kumtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, mashavu yamelowa, na hakuna ukuta wowote uliobaki usoni pale. Alimtazama mtoto wa kaka yake kwa muda, kisha akakunja sura kwa ukali wake wa zamani.

"We! Hebu funga huo mdomo. Meno yote nje, na muuzaji yuko nyuma yako anakuona! Hivyo ndivyo nilivyokufundisha?"

"Sivyo, Shangazi," alisema Tabasamu, na mdomo hakuufunga.